Valvu za Honda Fit: pima kwanza, usifuate mlio

Fit nyingi zinazoletwa kwetu kwa ajili ya valvu (milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye injini) huletwa kwa sababu moja: mwenye gari amesikia tik-tik juu ya injini. Mlio huo unastahili kuangaliwa. Lakini valvu inayogonga bado ina nafasi, na nafasi iliyozidi kidogo haiharibu injini kwa wiki moja. Ya kuogopa ni valvu iliyobana, kwa sababu hiyo haipigi kelele yoyote.

Kati ya skrubu ya roka (mkono mdogo unaosukuma valvu ifunguke) na mkia wa valvu kuna upenyo mdogo unaoachwa makusudi, maana chuma kikipata moto hurefuka. Gari linavyotembea, uso wa valvu na kiti chake huliwa polepole, valvu inazidi kuzama ndani ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu), mkia wake unasogelea roka na ule upenyo unapungua. Eksozi, yaani valvu ya kutolea moshi, ndiyo inayoumia zaidi. Valvu ya eksozi hupozwa hasa na kiti chake, pale inapokaa na kufunga kabisa. Upenyo ukiisha haifungi sawasawa, gesi ya moto inapita ukingoni, na ukingo unaanza kuungua. Dalili zake ni injini kumisi (silinda kuruka bila kuwaka) ikiwa imetulia, hasa ikishapata moto, kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda moja kushuka, na komputa kuandika kodi kama P0301 au P0304, yaani silinda ya kwanza au ya nne inamisi. Watu hubadilisha plagi, koili na hata nozeli, na injini ikaendelea kumisi vilevile. Gari linalotumia gesi ya LPG lipimwe mapema zaidi, kwa sababu viti vyake huliwa haraka.

Tunazungumzia hapa Fit za GD na GE (kodi za matoleo mawili ya kwanza), zilizotengenezwa kati ya 2001 na 2013, zenye injini za L13A na L15A. Hizi zina skrubu na nati za kurekebishia upenyo, kwa hiyo mtu makini anaweza kuziset nyumbani. Ukiwa na Probox, Vitz au IST yenye 1NZ-FE, unaweza kupima tu (inteki, yaani valvu ya kuingizia hewa, 0.15 hadi 0.25 mm, eksozi 0.25 hadi 0.35 mm). Kurekebisha kwake ni kufungua kamshafti (shafti inayofungua valvu) na kubadilisha vikombe vilivyo juu ya valvu kwa vingine vya unene tofauti. Kazi hiyo usiianze uani.

Vipimo vya Fit ni hivi: inteki 0.15 hadi 0.19 mm, eksozi 0.26 hadi 0.30 mm, injini ikiwa baridi. Honda wanataka silinda hedi iwe chini ya nyuzi 38 za Selsiasi. Mombasa au Dar es Salaam, gari lililosimama juani saa saba mchana linaweza kuvuka hapo hata kama halijawashwa tangu jana. Lilaze kivulini, ufanye kazi alfajiri.

Utahitaji filageji (majani membamba ya chuma ya kupimia upenyo), ringi spana namba 10, bisibisi bapa, soketi namba 19 ya kuzungushia krenki (shafti kuu ya injini), na gaskiti ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya valvu) ikiwa ya zamani imekauka. Filageji nyingi za bei rahisi hazina 0.17 wala 0.28. Unganisha 0.10 na 0.07, au 0.20 na 0.08, lakini futa mafuta kwanza, maana mafuta kati ya majani mawili huongeza unene na kukudanganya.

Kwenye GE toa kwanza mikono ya waipa na plastiki ya chini ya kioo cha mbele, la sivyo koili hazifikiki vizuri. Toa koili, puliza mchanga kwenye visima vya plagi, kisha toa plagi zote ili krenki izunguke kwa wepesi. Fungua tapeti kava. Zungusha krenki kwa kufuata mwendo wa saa, ukiitazama puli, hadi silinda ya kwanza, iliyo upande wa chaini, iwe topu, yaani pistoni iko juu kabisa na valvu zimefungwa: neno UP kwenye gia ya kamshafti liwe juu na alama zake mbili za pembeni zilingane na ukingo wa hedi. Shika roka za silinda hiyo kwa vidole. Zote zicheze kidogo. Zikiwa zimekandamizwa, uko kwenye topu ya silinda ya nne. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili.

Sasa pima, na uandike kabla hujagusa nati yoyote. Karatasi hiyo ina thamani kuliko marekebisho yenyewe. Eksozi zote zikiwa 0.22, huo ni uchakavu wa kawaida. Moja ikiwa 0.08 na nyingine 0.25, hiyo moja ina tatizo kwenye kiti, na hata ukiiset leo itabana tena. Pima kompresheni ya silinda hiyo kabla ya kuendelea.

Jani la filageji lipite kwa msuguano mwepesi, kama unavyovuta karatasi iliyolaliwa na kitabu. Kurekebisha, legeza nati kwa spana, geuza skrubu kwa bisibisi, kisha kaza nati huku skrubu umeishikilia isizunguke. Hapa ndipo wengi hukosea: nati ikikazwa huivuta skrubu pamoja nayo, na 0.17 yako inageuka 0.12. Pima tena kila baada ya kukaza. Nati ni ya Nm 14 (kipimo cha nguvu ya kukaza), nguvu ya kifundo cha mkono tu. Ukiitegemea kwa uzito wa mwili utakata skrubu.

Ukimaliza silinda ya kwanza, zungusha krenki nyuzi 180 uende ya tatu, kisha ya nne, kisha ya pili. Fit yenye valvu 16 ina skrubu 16. Ile ya i-DSI, yenye plagi mbili kwa kila silinda, ina 8. Zikiisha, zungusha krenki mizunguko miwili kwa mkono na upime zote upya.

Kabla ya kurudisha kava, futa mafuta ya zamani na uweke silikoni kidogo pale kifuniko cha chaini kinapokutana na hedi. Angalia raba za visima vya plagi: zikivuja, mafuta huingia kwenye koili na gari linamisi tena. Bolti za kava kaza kwa zamu, kutoka katikati kwenda nje, bila kuzidi Nm 10.

Ukiwasha na bado unasikia tik-tik laini, usirudi kubana skrubu. Nozeli za Fit zina mlio wao wa kawaida, na aliyebana valvu hadi kimya kikaja amezinyima nafasi ya kufunga. Rudia vipimo kwa injini baridi. Vikiwa sahihi, acha. Kwa gari lililoagizwa likiwa limetumika na historia yake haijulikani, tunashauri kupima mara moja sasa, kisha kila kilomita 40,000. Ukituletea, njoo jioni ulilaze hapa, tulipime kabla jua halijapanda, na utapewa karatasi yenye kipimo cha kila valvu kabla na baada.