Siku ya pili ya Idi, kiti cha dirishani

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Salma,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, Salma hajambo, na bibi miguu inaendeleaje? Huku sote wazima, ila mvua imetuchosha, barabara ya kwetu hata bodaboda wanaikimbia. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na simu zako mbili sikupokea. Wallahi sikukasirika. Nilikuwa na neno la kukuambia na sikutaka kulisema kwa simu wala kulituma kwa meseji, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua anakuletea kijana wa Mama Tunu, anakuja huko Morogoro na basi la alfajiri.

Siku ya pili ya Idi ulikaa kwenye kiti cha dirishani ukanieleza lile jambo lako mpaka adhana ya alasiri. Laptopu yangu ilikuwa mezani, imefunguliwa, inawaka. Hilo ndilo neno lenyewe.

Wiki tatu zilizopita alikuja mama mmoja kwa shauri la mirathi. Unawajua wanavyokuja, ofisini hawataki, wanangoja jioni waje nyumbani waseme huku wameshika kikombe cha chai. Nikawa naandika maelezo yake. Alipofika kwenye habari za shemeji zake akaanza kulia, nikaacha kuandika, na macho yakaniangukia chini ya kioo, pale karibu na saa. Pana kialama cha maiki, kidogo kama punje ya mtama. Hicho hukiona nikiwa kwenye kikao cha mtandaoni tu, na siku hiyo sikuwa na kikao, nilikuwa nimefungua maandishi basi. Nikasogeza mshale juu yake, likatokea jina la programu nisiyoijua, kwamba inatumia maiki. Nikaifunika laptopu na nikamwomba yule mama tutoke tukakae barazani.

Binti wa jirani, yule anayesoma kompyuta chuoni, alinifungulia mipangilio, akaingia kwenye faragha, kisha kwenye maikrofoni. Kumbe ipo orodha ya kila programu iliyotumia maiki, na saa iliyotumia. Hiyo niliyoiona ilikuwepo, na pamoja nayo ilikuwepo nyingine ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, imepangwa ijiwashe kila ninapowasha mashine, nywila yake siijui. Nikamuuliza binti imeanza lini. Akasema hapa inaonyesha mara ya mwisho tu. Mama Salma, nimelala na maneno hayo siku ngapi! Sijui kama siku ile ya Idi ilikuwa inasikiliza au haikuwa. Nimejaribu kujidanganya kwamba haikuwa, nikashindwa.

Aliyeziweka ni fundi yule aliyetupigia Windows, mimi na wewe, siku moja, kabla hujahama. Nilimfuata dukani. Hata hakuona haya. "Mama, mimi huwa nawawekea wateja wangu wote, ukipata shida nakusaidia huko huko uliko, hupati tabu ya kuja." Nikamuuliza, na maiki? Akasema labda imejiwasha. Niliomba anitajie nani mwingine anaijua ile nywila, akaanza kuhudumia mteja aliyekuja kununua chaja.

Inawezekana hakuwa na nia mbaya. Nataka nimtendee haki. Mwaka 2017 baadhi ya laptopu za HP, mpya kutoka kiwandani, zilikutwa na programu ya sauti iliyotakiwa kutambua tu ukibonyeza kitufe cha kuzima maiki. Ikawa inaandika kila kitufe unachogusa, nywila na barua zako, kwenye faili ambalo yeyote anayetumia mashine hiyo anaweza kulifungua. Kampuni ya Uswisi iitwayo modzero ndiyo iliyogundua. Hapakuwa na jasusi, ulikuwa uzembe wa watengenezaji, lakini yaliyoandikwa yalikwisha kuandikwa. Na fundi wetu ni hivyo hivyo, nia yake njema hainirudishii siku ile.

Wewe ulikuwa ukiniambia simu inatusikiliza, kwamba tukizungumza habari za vitenge, matangazo ya vitenge yanakuja. Nimesoma kwamba mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, walizipima programu za Android zaidi ya 17,000 na hawakukuta hata moja inayorekodi maongezi kwa siri. Walichokuta ni baadhi zinazorekodi kioo, kile unachogusa na kuandika, na kukipeleka kwa makampuni mengine. Basi sisi tulikuwa tunaiogopa simu kwa ajili ya vitenge, na laptopu tukampelekea wenyewe fundi, tukamwachia siku mbili.

Halafu ile plasta yangu. Unakumbuka nilivyoibandika baada ya kuona ile picha ya Mark Zuckerberg ya 2016, nyuma yake laptopu imezibwa kamera, na ubavuni upande wa maiki pia kuna kipande? Miaka yote nilijiona nimejisitiri. Juzi tumejaribu kwenye laptopu ya binti. Matundu ya maiki ni mawili, kama umechomwa sindano, kila upande wa kamera. Tukayabandika plasta mbili, moja juu ya nyingine, tukarekodi dakika moja bila kusema neno. Tulipoisikiliza, muuza kahawa alikuwa anapita barabarani na vikombe vyake vinagongana, tena kimoja kimoja. Plasta imeziba macho, masikio hayajazibika hata kidogo. Wifi yako wa Muscat ana MacBook, na hizo za kuanzia 2018 nyingi ukizifunika kioo maiki inakatika kwenye saketi yenyewe, programu haiwezi kuirudisha. Zetu hizi za mtumba hazina hilo. Tena kuzifunika tu si kuzizima, inategemea zilivyopangwa, kwa hiyo yako izime kabisa.

Nilipitia daftari langu nikahesabu wanawake kumi na mmoja waliosema mambo yao ndani ya chumba kile tangu nilipoirudisha laptopu kutoka kwa fundi. Tisa nimewafuata kwao, kwa miguu na kwa bodaboda, nikawaambia nilivyokuambia wewe hapa. Mmoja aliniangalia akasema, "Mwanangu, mimi nilikuja kwako kwa sababu huna mlango wa pili." Sikuwa na la kujibu. Wa kumi amehamia Pangani, nimepata habari zake jana. Wa kumi na mmoja ni wewe, na wewe ndiye nimekuweka mwisho kwa sababu niliogopa. Nisamehe kwa hilo.

Laptopu nimeizima, nimeivingirisha kanga, ipo kabatini. Binti alitaka kuifuta yote na kuipiga Windows upya, nikamzuia, kwa kuwa nikienda polisi wataitaka ilivyo. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayokataza mtu kuingia kwenye kompyuta ya mwenziwe bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yenye Tume yake. Lakini nikishtaki, watafungua na maandishi yaliyomo, na majina ya wale akina mama yamo humo. Nimeligeuza hili kila upande, sijapata jibu. Mama Tunu anasema niache. Mwalimu anasema nikiacha, na wateja wengine wa fundi je?

Yako usiiwashe ikiwa na intaneti. Chomoa modemu kwanza, kisha utazame hiyo orodha ya maiki. Ukikuta jina usilolijua, piga picha kioo kwa simu, halafu izime.

Sasa nijibu. Tangu uhamie huko umeitumia kwa nini, na inakaa chumba gani? Ile namba ya akaunti uliyonisomea kwa sauti niiandike, umekwisha kuibadilisha? Yule uliyemtaja siku ile ana mazoea na fundi, au ni mimi ninayejitia hofu? Amewahi kukuambia neno ukashangaa amelijua wapi? Na mnaishi bado nyumba moja? Wewe ungekuwa mimi, ungekwenda polisi?

Kijana anarudi Alhamisi. Mpe majibu kwa mkono, usinipigie. Mbusu Salma, na bibi mwambie mafuta ya karafuu ninayo, nitampelekea.

Mwenzio,
Mama Hiba