Picha ndani ya dirisha jeusi

Mwanza, 9 Machi

Kwako Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga. Huku sote wazima, ila umeme ni ule ule wa kubahatisha.

Umeniuliza mbona siku hizi sikulalamikii bando. Unakumbuka nilivyokuwa nikiteseka: seva, yaani kompyuta ninayoifanyia kazi kwa mbali, iko Ulaya, grafu imechorwa hukohuko, naivuta kwa scp, amri ya kunakili mafaili, naifungua, kumbe mhimili nimeukosea. Narekebisha, navuta tena. Sasa picha inatokea palepale kwenye terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, chini ya amri niliyoandika, maandishi yanaendelea chini yake.

Wala ujanja wenyewe si mpya. Unaitwa sixel, ni wa kampuni ya DEC ya Marekani, miaka ya 1980. Waliutumia kwenye printa zao za nukta na kwenye terminali kama VT340. Herufi moja hubeba nukta sita zilizopangwa wima. Nukta sita zina namna 64 za kuwaka na kuzimika, basi wakachukua alama 64 za kawaida za kibodi, kuanzia ? mpaka ~. Ukiandika ? nukta zote zimezimwa. ~ Zote zinawaka. @ Inawaka ya juu peke yake. Kurudia, unaweka ! na idadi. Ndiyo maana picha inapita kwenye ssh, njia ninayoingilia kwenye seva, bila kusimamishwa: njiani ni herufi tupu, kama barua hii.

Jaribu kuandika hii kwenye terminali yako:

printf '\033Pq#1;2;100;0;0#1!60~\033\\'

Utapata kipande chekundu, nukta 60 kwa 6. Usipoona kitu, terminali yako haijui sixel. Fungua terminali ya xterm kwa kuandika xterm -ti vt340, au weka terminali nyingine, foot au WezTerm. Ukishindwa kabisa kuna programu ya chafa, inayochora kwa herufi za kawaida: kwa mfano alama ▀, nusu ya juu inachukua rangi ya herufi, nusu ya chini rangi ya nyuma yake. Sura ya mtu utaitambua. Namba za kwenye grafu, sahau.

Najua utaniambia habari za kitty, terminali yenye njia yake ya kuonyesha picha. Kweli, njia yake ina akili zaidi: inapokea faili zima la picha la PNG, inaweza kuilaza picha nyuma ya maandishi, na kuifuta kwa namba yake. Mimi nimebaki na sixel kwa sababu gnuplot, programu inayonichorea grafu, inaitoa yenyewe, naandika tu set terminal sixelgd.

Kilichonitoa jasho ni tmux, programu ya kugawa terminali moja iwe madirisha kadhaa. Yenyewe hupanga skrini kwa vijumba vya herufi, na matoleo ya zamani picha huimeza kimyakimya. Jioni nzima nilikuwa naitukana gnuplot ya watu bure! Toleo la 3.4 la mwaka 2024 linaielewa sixel, ila mpaka aliyeijenga tmux awe ameiwasha sixel, na tmux ya kwenye seva ile ni ya kale. Sasa natoka kwanza kwenye tmux, natazama grafu, narudi.

Na tafadhali usianze na picha za harusi ya mdogo wako. Sixel haibani picha za kamera, bando litakwisha haraka kuliko ungevuta faili lenyewe. Anza na grafu.

Msalimie mama. Mwambie dagaa wake nimeshawaanika, watapanda basi la Ijumaa.

Wako,
Neema