Nyota na mabano yakikuchosha macho, yafiche, usiyafute

Sisi kazi yetu ni kupanga vitabu, ripoti na tasnifu mpaka zitoke tayari kwa kuchapwa. Malalamiko yanayoongoza hapa ofisini siku hizi hayahusu bei wala kuchelewa. Yanahusu nyota. Mteja ameshawishiwa na mwenzake chuoni aachane na Word, aandike kwa Markdown au LaTeX, yaani maandishi matupu yenye alama zinazoielekeza kompyuta namna ya kuyapanga, ili tanbihi na marejeleo vijipange vyenyewe. Amekubali, ameanza vizuri, na akifika sura ya pili anapiga simu: "Dada, kazi yangu siioni tena, naona alama tu."

Huyo aliyepiga simu ana nafuu. Kuna ambao hawaulizi mtu. Wanafungua faili, wanafuta nyota zote, mabano yote na kila mkwaju nyuma, kisha wanatutumia maandishi matupu wakiamini wametupunguzia kazi. Inabidi turudi mwanzo pamoja nao, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu alama zile ndizo zilikuwa zinatuambia neno lipi lilale, kichwa kipi ni cha sura na kipi ni cha kifungu, na tanbihi ya nne inashika wapi.

Tutazame sentensi moja, ya aina tunayoipata kwa wanafunzi wa kilimo:

Mtama (*Sorghum bicolor*), hasa mbegu ya **Macia**, umeelezwa kwa kina katika [ripoti ya awali](https://mfano.example/machapisho/2019/nafaka/ripoti-ya-awali-toleo-la-pili.pdf).[^4]

Jina la kisayansi limezungukwa na nyota mojamoja, maana yake lilazwe. Macia ina nyota mbilimbili, maana yake herufi nzito. Mabano ya mraba yamebeba maneno atakayoyaona msomaji, na mabano ya duara yamebeba anwani ya mtandaoni. Ile [^4] ni tanbihi. Alama zikifichwa, mwandishi anaona hivi tu:

Mtama (Sorghum bicolor), hasa mbegu ya Macia, umeelezwa kwa kina katika ripoti ya awali.[4]

Jina limelala, Macia imekolea, ripoti ya awali ina rangi ya kiungo. Kwenye faili hakuna hata herufi moja iliyoguswa. Kilichobadilika ni kile ambacho programu imeamua kukuchorea kwenye skrini.

Kama bado una wasiwasi, jambo hili unalifanya kila siku kwenye WhatsApp. Ukiandika neno katikati ya nyota mbili, nyota unaziona wakati unaandika, na ukishatuma hazionekani, neno limekuwa zito. Sasa unakili ujumbe huo uubandike kwenye programu nyingine: nyota hizo hapo. Hazikuwa zimeondoka.

Si alama zote zinachosha sawasawa. John Gruber alipoitoa Markdown mwaka 2004 alitaka maandishi yasomeke hata yakiwa ghafi, akafuata mtindo ambao watu walikuwa wanautumia tayari kwenye barua pepe. Kwa hiyo ukurasa wa Markdown wenye aya za kawaida hauna shida kubwa. Kinachouchafua ni anwani ndefu za viungo. LaTeX ni habari nyingine. Leslie Lamport aliijenga miaka ya 1980 juu ya TeX, programu ya kupanga kurasa ya Donald Knuth, na lengo lilikuwa ukurasa uliochapwa. Faili ghafi ilikuwa ya kuielekeza mashine. Tanbihi yenye mistari minne inakaa katikati ya sentensi yako, kiima kikabaki juu na kitenzi kikaangukia chini kabisa. Mwanafunzi wa LaTeX akilalamika tunamwelewa upesi. Wa Markdown tunamwambia kwanza apumzishe macho.

Tuje kwenye kuficha kwenyewe.

Wateja wetu wengi wa LaTeX wanaandikia Overleaf, tovuti ya kuandikia LaTeX, na huko jibu liko juu ya dirisha la kuandikia: kuna kitufe cha kuhama kutoka "Code Editor" kwenda "Visual Editor". Ukihama, vichwa vinakuwa vikubwa, maneno ya mlazo yanalala, na amri nyingi zinajificha. Wengi wamepita karibu na kitufe hicho muhula mzima bila kukibofya. Majedwali mazito na michoro bado ni afadhali uirekebishe ukiwa upande wa kwanza.

Kwa Markdown, mtu asiyetaka kujifunza mambo mengi tunamwekea Obsidian. Kwenye mipangilio, sehemu ya "Editor", unachagua "Live Preview" iwe namna ya kawaida ya kuandika. Inafanya kazi kwenye simu pia, na hilo si dogo kwa mtu anayeandikia kwenye daladala. Typora nayo inaficha vizuri, ni ya kulipia, na ukitaka kuona alama zote unabonyeza Ctrl na mkwaju. VS Code yenyewe haifichi. Inakupa dirisha la pili la kutazamia (Ctrl+K, kisha V), ghafi kushoto, safi kulia. Wengine wanapenda hivyo. Mimi kwenye kompyuta ya inchi kumi na nne naona ni kujibana bure.

Wateja wa Emacs, programu ya kuandikia ya siku nyingi, ni wachache ila wabishi, na wana sababu, kwa kuwa programu yao inaficha kwa umakini kuliko nyingi. Anayeandika kwa Org, mtindo wa alama wa Emacs yenyewe, aweke mstari huu kwenye faili lake la mipangilio, kisha afungue upya kazi yake:

(setq org-hide-emphasis-markers t)

Nyota, mikwaju na vistari vya chini vinavyozunguka maneno vinatoweka. Viungo Org inavificha tangu mwanzo bila kuombwa. Ongeza kifurushi kinachoitwa org-appear, ambacho nitaeleza umuhimu wake muda si mrefu. Anayeandika Markdown humohumo Emacs, kwa markdown-mode, abonyeze C-c C-x C-m (C ni Ctrl) alama zifichike, na akibonyeza tena zinarudi. Kwa LaTeX kuna kifurushi cha AUCTeX: washa TeX-fold-mode, kisha C-c C-o C-b, na faili lote linakunjwa. Ile tanbihi ya mistari minne inabaki [f], rejeleo linabaki [c], na neno la mlazo linabaki neno tu. Kuna mteja wetu mmoja, mwalimu mstaafu, tulimkunjia hivyo sura yake, akakaa kimya kidogo akiisoma, kisha akasema, "Kumbe sentensi zangu ni ndefu hivi?" Akaanza kuzikata palepale. Wakati alama zilipokuwa wazi alidhani urefu wote ni wa amri.

Vim, programu nyingine ya kuandikia, ina uwezo huu tangu toleo 7.3 la mwaka 2010. Andika :set conceallevel=2 na nyota zinapotea; kwenye LaTeX, \alpha inageuka α mbele ya macho yako. Ukiona baadhi ya mistari inakatika mapema upande wa kulia, usihangaike kutafuta kosa. Vim inapokata mstari bado inahesabu herufi ilizozificha.

Sasa ule umuhimu nilioahidi. Kuficha kuzuri ni kule kunakofunua pale ulipo. Kishale, yaani kile kijistari kinachopepesa, kikiingia ndani ya neno zito, nyota zake zijitokeze. Kikitoka, zijifiche tena. Obsidian na Typora zinafanya hivyo zenyewe. Mkunjo wa AUCTeX unafunguka ukiingia ndani yake. Vim inafunua mstari wote wenye kishale, mradi hukugusa mpangilio wa concealcursor. Org peke yake haifunui, na ndiyo maana ya org-appear. Programu inayoficha moja kwa moja bila kufunua hatumwekei mteja, hata akiipenda kwa macho.

Sababu ni hii. Kishale chako kiko mwisho wa Macia. Unabonyeza kufuta mara moja. Kwenye skrini hakuna kilichotokea, basi unabonyeza tena. Mara ya kwanza umeondoa nyota moja, mara ya pili nyingine, na Macia iliyokuwa nzito sasa inaanza na nyota mbili zisizo na mwenzake, ambazo zitachapwa kama zilivyo kwenye ukurasa wa msimamizi wako. Kwenye LaTeX ukifuta bano la kufunga kwa namna hiyohiyo, faili zima linaweza kugoma, na mara nyingi kosa linatajwa kwenye mstari ulio mbali na ulikokosea.

Mtego wa pili uko kwenye kutafuta. Rudi kwenye sentensi yetu, ficha alama, kisha tafuta "mbegu ya Macia". Macho yanaiona, programu inakujibu haipo. Kati ya "ya" na "Macia" kuna nyota mbili, na programu inatafuta kwenye faili, haitafuti kwenye picha iliyokuchorea. Tafuta neno mojamoja. Ukitaka kubadilisha jina katika kazi nzima, fichua kwanza.

Majedwali nayo yanapinda. Uliyapanga nguzo zikalingana huku nyota zikiwa zinaonekana. Ukizificha, safu zenye maneno mazito zinarudi ndani na wima unavunjika. Hapo acha kama palivyo, kwenye kuchapa patanyooka.

Na wenye takwimu wasikilize kidogo. Ukiwasha ule urembo mwingine wa Org unaoitwa org-pretty-entities, mavuno_2019 itaonekana 2019 imeshuka chini na kuwa ndogo, kama ile 2 ya H₂O. Watu wanadhani ni skrini tu. Hapana, hata kwenye PDF itatoka hivyo, kwa sababu ndivyo Org inavyokisoma kistari cha chini. Zungushia alama ya sawasawa, =mavuno_2019=, jina litabaki jina. Kwenye LaTeX andika mavuno\_2019.

Kama hutaki mitego yote hii kuna njia ya katikati, nayo mimi naipenda kuliko kuficha, hasa kwa LaTeX: zififishe alama. Unazipa rangi ya kijivu inayokaribia rangi ya usuli, macho yanaziruka, lakini mkono unajua zipo. Kutafuta, kufuta, majedwali, vyote vinabaki kama kawaida. Karibu kila programu ya kuandikia yenye kupaka rangi inaruhusu hili.

Watu wa Word msicheke. Word imeficha alama zake tangu siku ya kwanza, na wengi hamjui kwamba zipo. Bonyeza Ctrl+Shift+8 (kwa LibreOffice ni Ctrl+F10) uone: kila nafasi ni nukta, kila Enter ni ¶. Tunapokea vichwa vya sura vilivyosogezwa katikati kwa nafasi thelathini na kitu, na kurasa zilizosukumwa chini kwa Enter mfululizo, kisha mteja anashangaa kwa nini alipoongeza aya moja kila kitu kimehama. Waliowahi kutumia WordPerfect watakumbuka Alt+F3, iliyokuwa inafungua misimbo yote chini ya maandishi. Wengi wao bado wanailia.

Kuna jingine linalochanganywa na hili. Mtu amenakili maandishi kutoka programu ya akili mnemba, amebandika kwenye Word, yamejaa nyota mbilimbili na alama za reli mwanzo wa mistari. Hiyo ni Markdown iliyotua mahali ambapo haieleweki, kwa hiyo kuficha hakusaidii. Inahitaji kugeuzwa, na Pandoc, programu ya bure ya John MacFarlane iliyotoka mwaka 2006, inaigeuza kuwa faili la Word lenye vichwa halisi. Ukituletea tunaifanya ukiwa umekaa hapohapo.

Kuhusu huduma yetu: mteja aliyetuletea kazi ya kupanga, kumwekea programu ya kuandikia na kumfichia au kumfifishia alama hatumtozi. Anayetaka hilo tu, bila kazi ya kupanga, analipa ada ya saa moja, tukimaliza mapema tunatumia muda uliobaki kumwonyesha njia za mkato. Walio mbali tunaingia kwenye kompyuta zao kwa AnyDesk, ila tunaomba uwe umekaa mbele ya skrini muda wote, na kazi yako uwe umeihifadhi pembeni kwanza.

Unapotuma kazi, tuma faili lenyewe, la .md, .org au .tex, likiwa na alama zake zote. Tukiomba faili tusitumiwe picha ya skrini, wala maandishi yaliyobandikwa kwenye WhatsApp, kwa sababu WhatsApp itachukua nyota zako na kuzifanyia inavyojua yenyewe. Picha ziwe folda moja na faili, kwa majina yaleyale yaliyotajwa ndani, herufi kubwa na ndogo zikilingana. Masahihisho ya msimamizi yaje kama PDF ya pembeni. Tasnifu tunapokea mpaka wiki mbili kabla ya siku ya kuwasilisha. Ikiwa umebakiwa na siku chache kuliko hizo, piga simu kabla hujalipa nauli.