Mtoto wa punda asinyimwe dang'a

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wafugaji wenzangu wa Nzega na Igunga jambo lililonigusa sana. Punda wangu jike, mpole ambaye hajawahi kumpiga mtu teke, alizaa alfajiri baada ya kubeba mimba kwa takriban miezi 12, lakini mtoto alishindwa kusimama na masikio yake yalikuwa ya baridi.

Jirani alinishauri niikamue dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na kuimwaga, akidai kuwa ni maziwa machafu. Ushauri huo unaua. Mtoto wa punda, kama wa farasi, huzaliwa akiwa karibu hana kinga yoyote mwilini. Kinga huipata katika dang'a, na utumbo wake huipokea vizuri katika saa chache za kwanza, kisha uwezo huo hufifia ndani ya siku moja. Nilimkamua mama, naye akatulia huku akimlamba mwanawe shingoni, nikamnywesha mtoto kidogo kidogo kwa chupa, kifua chake kikiwa chini na kichwa kimeinuliwa ili maziwa yasiingie mapafuni. Sikuwatenganisha hata usiku, kwa maana jike akitengwa na mwanawe huweza kumkataa. Kitovu nilikipaka iodini. Siku ya tatu mtoto alisimama akitetemeka, akaitafuta chuchu mwenyewe.

Nawaomba maofisa mifugo wa kata zetu watufundishe habari za punda kama wanavyotufundisha za ng'ombe, kwani punda ndiye anayetubebea maji na mazao.

Mfugaji,
Nzega, Tabora