Kabla hujatuita kuosha AC, fungua dirisha kwanza

Kiangazi kikishakolea, simu nyingi tunazopokea hufanana: "Fundi, AC inapuliza vizuri, ila nyumba nzito, na watoto wanakohoa." Tukifika, iwe Ilazo, Nzuguni au Iyumbu, tunakuta madirisha yamefungwa tangu upepo uanze. Hatuwalaumu. Vumbi la Dodoma tunalijua sote: meza uliyoifuta asubuhi, jioni unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Basi watu wanafunga, wanawasha AC, wanaamini wanavuta hewa safi.

AC ya ukutani haileti hewa ya nje. Yale mabomba mawili yanayotoboa ukuta yanapitisha gesi ya kupoozea tu, na ile mashine ya nje kazi yake ni kutoa joto. Kinachokupuliza ni hewa ileile ya chumbani, imepoozwa ikarudishwa. Kama mmebandika maharage mchana kwenye jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, usiku mnalala na moshi wake, wa baridi.

Chujio la wavu lililo ndani ya mfuniko hukamata vumbi zito, nywele na nyuzi za zulia. Chembe ndogo za moshi, zilizo chini ya mikromita 2.5, hupenya, na hizo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka cha chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo.

Kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye mkaa unaowaka, ni hatari zaidi: haina rangi wala harufu, na hakuna chujio la AC linaloizuia. Baridi ya Julai ikibana, jiko la mkaa lisiingie chumbani. Makaa mekundu yasiyotoa moshi bado yanatoa gesi hiyo, na inaua watu wakiwa usingizini.

Ushauri wetu wa kwanza hautuingizii hata shilingi. Pikia nje, au kwenye jiko lenye dirisha wazi. Upepo ukitulia, fungua madirisha ya pande mbili hewa ipite; ukivuma, fungua yale ya upande uliokingwa. Vumbi lifute kwa kitambaa chenye unyevu na upige deki, maana ufagio mkavu unalirusha tu. Maji ya kufulia yamwagie uwanjani kutuliza vumbi. Chujio la AC lioshe mwenyewe kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi: zima umeme, litoe, osha kwa maji na sabuni kidogo, lianike kivulini.

Mashine za kusafisha hewa hatuuzi. Ukiamua kununua, tafuta yenye chujio la HEPA, yaani lile linalonasa chembe ndogo sana, na inayotosha ukubwa wa chumba chako, na ujue kwamba mashine hiyo haiondoi kaboni monoksidi.

Tupigie kama chujio ni safi lakini AC bado inanuka ukungu, inadondosha maji ndani au inapuliza kinyonge. Hapo uchafu umeshaingia kwenye mapezi (vile vibati vyembamba vya kupoozea) na feni ya ndani, tunaifungua na kuiosha kwa pampu. Sogeza kitanda na televisheni kabla hatujafika. Na kama ni siku ya mgao wa maji mtaani kwenu, tuambie mapema, tutakuja na madumu yetu.