Ukurugenzi sio jina tu la kuweka kwenye karatasi

Mheshimiwa Mhariri, salaam toka Arua. Naandika manake hapa mjini watu wanafungua kampuni alafu wanaita ndugu, eti njoo uweke sain wewe ni dairekta, jina tu hauna kazi. Mimi mwenyewe niliambiwa hivo na rafiki, nikasaini, miaka miwili sijaona hata mkutano mmoja, siku moja naletewa barua ya deni la kampuni. Niliumia sana.

Jamani sheria ya makampuni ya Uganda ya 2012 haijui "jina tu". Iko mkurugenzi mtendaji anayeendesha kazi kila siku na analipwa mshahara, na iko yule asiye mtendaji, kazi yake kukaa kwenye bodi na kuuliza maswali magumu, pesa imeenda wapi, nani kapewa tenda. Lakini wote wawili wanatakiwa uaminifu na uangalifu uleule, na kama una maslai yako kwenye dili lazima useme.

Wakurugenzi wa kivuli ndio wananiudhi zaidi, yule mzee hayuko kwenye fomu za URSB, ile ofisi ya serikali inayoandikisha makampuni, lakini akipiga simu bodi nzima inatii, huyo pia sheria inamtambua.

Na wewe uliye peke yako kwenye kampuni, umeandikisha mtu wa kushika kampuni ukifariki, pamoja na wa akiba? Sheria inataka hao wawili. Naomba URSB watufundishe kwa Kiswahili kwenye redio za huku.

Msomaji wenu, Arua