Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Redio za Barabara Kuu na Kazi ya Kuhama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu wengi wenu mmeutumia kung'oa modemu za 3G, zile zinazounganisha mabango, vihisi na kamera zetu za barabara kuu na mtandao wa simu, kwenye makabati ya barabarani na kufunga mpya. Ambao hamjaanza, zamu yenu haiko mbali. Kwa hiyo sitafuata utaratibu wa taarifa zilizotangulia, ambapo kila kamati ilipewa aya yake. Kamati ya mafunzo na kamati ya uanachama zimefanya kazi nzuri, taarifa zao zimeambatishwa, naomba mzisome. Mimi nitabaki kwenye mawasiliano yasiyotumia waya. Huko ndiko fedha zetu zilikokwenda, huko ndiko mabishano yalikokuwa makali, na huko nina msimamo ambao baadhi yenu hamtaupenda.

Msimamo wenyewe niuseme mapema: tunanunua redio, yaani vifaa vya mawasiliano yasiyotumia waya, kwa mawazo ya mtu anayenunua nguzo. Nguzo ya chuma ikisimikwa vizuri hudumu miongo. Ubao wa kielektroniki wa kuwapa madereva ujumbe hutarajiwa kufanya kazi miaka 15 au zaidi. Lakini mtandao wa simu tunaoutegemea una siku yake ya kuzimwa, na siku hiyo hupangwa na kampuni ya simu bila kutuuliza sisi.

Tazameni historia. Nchini Marekani vihisi na mabango mengi ya barabara kuu yaliwahi kutumia CDPD, huduma iliyopitisha data juu ya mtandao wa analogia kwa kasi ya kilobiti 19.2 kwa sekunde. Katikati ya miaka ya 2000 ikafungwa, na tarehe 18 Februari 2008 kampuni za simu zikaruhusiwa kuuzima mtandao wa analogia wenyewe. AT&T ikazima 2G mwishoni mwa 2016, kisha 3G Februari 2022, na Verizon ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo. Nchini Australia, Telstra ilizima 2G Desemba 2016 na 3G Oktoba 2024. Japani walitangulia: NTT Docomo iliachana na 2G tangu Machi 2012. Aliyesimika ubao mwaka 2003 akaunganisha na mtandao wa siku ile, huenda kufikia 2022 alikuwa amekwisha kuhama mara tatu, na ubao bado unawaka.

Watengenezaji wa magari nao wamekumbana na jambo hilihili. Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba kuanzia 31 Machi 2018 kila aina mpya ya gari dogo iwe na eCall, mfumo unaopiga simu ya dharura wenyewe baada ya ajali. Mfumo ule ulijengwa juu ya 2G na 3G. Sasa wanalazimika kuhamia toleo la 4G na 5G wakati magari ya zamani bado yako barabarani. Kama wao, pamoja na nguvu zao zote za sheria, wameshikwa hapo, sisi wenye kabati moja kando ya njia tusijidanganye.

Sasa, gharama ya kuhama iko wapi? Katika mikutano ya mwaka huu nimesikia watu wakijadili bei ya modemu kwa saa nzima. Modemu ndiyo sehemu rahisi. Gharama ni kufunga njia moja ya barabara, gari lenye kikapu cha kupandia, walinzi wa eneo la kazi, na fundi anayefanya kazi usiku magari yakimpita kwa kasi mgongoni. Hiyo mnalipa kila mnapohama, na ndiyo inayohatarisha watu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mzabuni si kasi ya kifaa chake peke yake. Muulizeni: redio ikifikia mwisho wake, je, tutaitoa kwa bisibisi au tutatupa na kidhibiti kizima, yaani kompyuta inayoendesha kifaa cha barabarani? Vipo vidhibiti ambavyo modemu yake imechomelewa kwenye bodi kuu. Hivyo msivinunue, hata vikija kwa bei ya nusu. Redio iwe kifaa kinachojitegemea, iunganishwe na kidhibiti kwa Etheneti (kebo ya mtandao wa kompyuta) ya kawaida, antena iwe ya masafa mengi, na ndani ya kabati ibaki nafasi na umeme wa ziada. Wanachama washiriki ambao ni wauzaji hawakufurahia niliposema hivi kwenye semina. Narudia.

Jambo la pili ni uwezo wa laini, na hapa naona tunapimana kwa kipimo kisichofaa. Kihisi cha magari hutuma idadi, kasi na muda ambao magari yameifunika sehemu inayopimwa, kwa kawaida kila sekunde 20 au 30. Hizo ni baiti chache tu. Ujumbe wa ubao nao ni maneno machache. Zile kilobiti 19.2 za CDPD ziliyamudu yote hayo bila jasho. Kilichobadilisha hesabu ni kamera. Kamera moja inayorusha video kwa megabiti 1 kwa sekunde, usiku na mchana kwa siku 30, inatuma gigabaiti 324 hivi. Zidisheni kwa idadi ya kamera zenu, halafu msome tena, kwa herufi ndogo, kile kipengele cha mkataba kinachosema laini "isiyo na kikomo" itapunguzwa kasi ikivuka kiwango fulani.

Tena mitandao ya simu imepangwa kwa ajili ya watu wanaopakua. Kamera inapakia. Fundi anapima kasi kwa simu yake kando ya nguzo, anaona namba kubwa ya kupakua, anafurahi, na kamera inaanza kugandaganda wiki inayofuata. Pimeni upakiaji, na mpime saa za msongamano. Ushauri wa kamati ya ufundi ni kutuma picha za mnato kwa kawaida na kufungua video pale opereta anapoihitaji. Usimbaji wa H.265, njia mpya zaidi ya kubana video, unaweza kupunguza mzigo hadi karibu nusu ya H.264 iliyoitangulia kwa ubora unaokaribiana, mradi programu ya chumba cha udhibiti inaufahamu. Baadhi yenu mmesema opereta anataka kuona kamera zote ukutani wakati wote. Sawa, ila ukuta huo una bei yake, na opereta mmoja hana macho ya kutazama skrini arobaini.

Kuna jambo moja ambalo sikulisikia likijadiliwa vya kutosha, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Foleni inapofunga barabara, magari husimama. Kila dereva na kila abiria anatoa simu: huyu anapiga nyumbani, yule anatafuta njia nyingine, watoto nyuma wanatazama katuni. Wote wanatumia mnara uleule ambao ubao wetu na kamera yetu vinautegemea. Maana yake laini yetu inalemewa saa ileile tunapoihitaji. Majaribio ya kupokelea kazi yanayofanyika asubuhi tulivu ya katikati ya wiki hayawezi kuonyesha hilo hata siku moja. Dawa ipo, nayo ni kipaumbele: kampuni ya simu inaweza kuipa data yako nafasi ya mbele mnara unapojaa, ikiwa mkataba unasema hivyo. Marekani walilichukulia suala hili kwa uzito kiasi cha kuunda kwa sheria ya mwaka 2012 mtandao wa FirstNet kwa ajili ya waokoaji, ukiwa na masafa yake kwenye megahezi 700. Sisi hatuhitaji sheria. Tunahitaji kipengele kwenye mkataba na mtu wa kukipima siku ya foleni.

Wanachama wenye redio zao wenyewe za kutoka nguzo hadi nguzo wamepona kwa minara iliyojaa, lakini wana mitihani yao. Masafa ya gigahezi 5.8 hayahitaji leseni katika nchi nyingi, na kwa sababu hiyo yamejaa. Wengi mnaamini kwamba nguzo mbili zikionana kwa macho basi inatosha. Haitoshi. Katika umbali wa kilomita 10 kwa gigahezi 5.8, eneo la Fresnel, yaani nafasi inayozunguka mstari wa kuonana ambamo mawimbi hupita, lina nusu kipenyo cha takribani mita 11 katikati ya njia, na inashauriwa angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yaani karibu mita 7 juu ya kizuizi chochote. Mti uliokuwa mfupi siku ya upimaji hukua. Bango la biashara husimikwa bila mtu kukupigia simu. Ukipanda juu ya gigahezi 10, mvua inaanza kula mawimbi. Kwenye gigahezi 60 hata oksijeni ya hewani inakula takribani desibeli 15 kwa kila kilomita, hivyo masafa hayo yanafaa kwa kuvuka barabara na si kwa kufuata bonde.

Faiba? Ndiyo, pale barabara inapochimbwa kwa sababu nyingine, laza bomba. Sina zaidi ya hapo.

Niingie kwenye taarifa kwa wasafiri, maana huko ndiko yote haya yanakoelekea. Ufaransa wana redio ya barabara kuu kwenye FM 107.7. Marekani walitenga namba ya simu 511 ya taarifa za safari mwaka 2000, kuongezea vituo vidogo vya AM vya kilohezi 530 na 1610 vilivyokuwapo tangu zamani. Japani walianza VICS, mfumo wa kutuma taarifa za barabara hadi ndani ya gari, mwaka 1996, na mwaka 2022 wakazima vinara vyake vya gigahezi 2.4 vya barabara kuu baada ya huduma kuhamia gigahezi 5.8. Kila mmoja alichagua njia yake, na kila mmoja amelazimika kuibadilisha au kuilinda.

Wapo wanachama walioandika kupendekeza tuachane na mabango kwa kuwa kila dereva ana simu. Napinga. Simu humfikia mwenye chaji, mwenye data, aliye ndani ya mtandao na aliyefungua programu. Ubao humfikia anayepita. Ninachokubaliana nacho ni kwamba ubao ukiwa na habari iliyochacha ni afadhali usingekuwapo. Laini ikikatika, ubao huendelea kuonyesha ujumbe wa mwisho uliopokea: "ajali mbele, tumia njia nyingine", wakati ajali ilikwisha ondolewa na magari yanajazana kwenye njia hiyo nyingine bila sababu. Dereva aliyedanganywa mara mbili hatausoma mara ya tatu, hata siku ukisema kweli.

Kiwango cha NTCIP 1203, kinachoeleza jinsi kituo kinavyozungumza na mabango ya ujumbe, kina kipengele kinachoeleza ubao ufanye nini baada ya muda fulani wa kutosikia kutoka kituoni. Mabango mengi mnayomiliki yanakifahamu. Swali ni kama kuna aliyekijaza. Nawaomba mkifungue, muweke muda, na mchague ubao uzime au uonyeshe ujumbe wa jumla. Kazi hiyo haina gharama na inafanyika mkiwa mmekaa ofisini. Na kila takwimu mnayowapa watengenezaji wa programu za safari iwe na saa iliyopimwa, si saa iliyotumwa, ili laini ikichelewa ionekane kwamba imechelewa.

Kuhusu usalama nitakuwa mfupi, kwa sababu mnajua. Januari 2009 huko Austin, Texas, watu walifungua ubao wa kubebeka na kuwatangazia madereva kwamba kuna mazombi mbele. Watu walicheka. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba mtandao wa redio wa taa za barabarani waliouchunguza, kwa ruhusa ya mwenye nao, haukuwa na usimbaji fiche na ulitumia nywila za kiwandani. Hapo hakuna wa kucheka. Laini zenu ziwe kwenye APN (lango la data la kampuni ya simu) ya binafsi, kifaa kisiwe na anwani inayofikika kutoka intaneti ya wazi, na nywila ya kiwandani ife siku ya kwanza.

Mawasiliano ya gari na barabara kwenye gigahezi 5.9 nayaacha kwa mkutano wa ufundi, isipokuwa neno moja kwa wanaotaka kununua vifaa vingi kwa pamoja. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitenga megahezi 75 mwaka 1999. Mwaka 2020 ikabakiza 30 na kuelekeza teknolojia ya DSRC, inayofanana na Wi-Fi, iondoke, ipishe C-V2X, inayotokana na teknolojia ya simu. Waliokwisha simika vifaa vya DSRC kando ya barabara walibaki navyo.

Katika mkutano mkuu mtapigia kura rasimu ya vipengele vya zabuni. Ni vinne: redio inayotoka peke yake, kipaumbele kilichoandikwa na kupimwa saa za foleni, tabia ya ubao mawasiliano yanapokatika, na notisi ya miaka isiyopungua mitatu kabla ya mtandao kuzimwa. Hicho cha nne kampuni za simu zimekwisha tuambia hazikitaki. Kamati tendaji iligawanyika, wengine wakitaka mwaka mmoja, na mimi niko upande wa mitatu kwa sababu bajeti nyingi za barabara hazipangwi kwa muda mfupi zaidi ya huo. Rasimu iko kwa katibu. Mwenye marekebisho ayalete kwa maandishi wiki mbili kabla ya mkutano. Ya mdomoni siku ya kura hayatapokelewa.

Mwenyekiti